Kilwa Ipi?

Namba ya simu inayoanza na 097 ni halali Nchelenge, na ni halali vilevile Kilwa, ng'ambo ya Ziwa Mweru. Upande wa Zambia 097 ni ya Airtel. Upande wa Kongo 097 nayo ni ya Airtel. Nchi zote mbili huandika namba za ndani kwa tarakimu kumi, sifuri ya mbele ikiwemo. Basi tarakimu kumi zilezile, zikibonyezwa kwa laini ya Zambia pale bandarini Nchelenge, zinampata mtu mmoja. Zikibonyezwa kwa laini ya Kongo kwenye ufuko wa magharibi, zinampata mtu mwingine kabisa. Hakuna aliyekosea namba, mtandao haujaharibika, na hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotokea kwenye kioo. Anayepokea atasema tu kwamba huyo anayetafutwa hamjui.

Kinachozitofautisha simu hizo mbili ni tarakimu ambazo hazikuandikwa: 260 ya Zambia na 243 ya Kongo. Mtu wa Nchelenge hana haja nazo maadamu anampigia mwenzake wa Nchelenge. Mtandao unazijaza wenyewe kimyakimya. Namba fupi inafanya kazi vizuri mpaka siku inapovuka maji.

Sura hii inahusu hitilafu ya aina hiyo ndani ya mifumo ya kompyuta, pale kazi moja inapogawanywa kwa mashine nyingi zinazotegemeana, kisha kila mashine ikawa na namna yake ya kuzitaja nyingine. Mafundi wengi hulidharau tatizo hili kwa sababu dawa yake mara nyingi ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio. Mimi naliona ni miongoni mwa mambo mazito kuliko yote katika fani hii. Mstari huo mmoja hupatikana baada ya siku za kuhangaika, na huko nyuma data imeshapotea au imeshachanganyika.

Chukua mama anayenunua chisense, samaki wadogo wa ziwa hilo, Kashikishi, kwenye soko la samaki lililo jirani na Nchelenge. Daftari lake lina namba za wavuvi na wachuuzi wa pande zote za ziwa, na pembeni mwa baadhi ya majina ameandika "Kilwa". Iko Kilwa kisiwa, ambacho ni sehemu ya Zambia, ndani ya wilaya ya Nchelenge. Iko Kilwa mji, kwenye ufuko wa Kongo, jimbo la Haut-Katanga. Mpaka uliochorwa kwa mkataba wa tarehe 12 Mei 1894, kati ya Uingereza na dola ya Mfalme Leopold wa Pili, ulipindishwa makusudi ndani ya ziwa ili kisiwa kibaki upande wa Waingereza. Tangu hapo jina moja limekaa katika nchi mbili, ndani ya maji yaleyale. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa yeye atafikiria Kilwa ya tatu, yenye magofu ya Kilwa Kisiwani yaliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981.

Mama mwenyewe hachanganyikiwi. Ila siku akilazwa hospitali, binti yake akashika daftari, swali litakuja papo hapo: "Mama, huyu wa Kilwa ni wa kisiwani au wa Kongo?" Mama atajibu, na biashara itaendelea. Maana ilikuwa kichwani mwake, haikuwa kwenye karatasi. Programu ikikabidhiwa daftari hilohilo haiulizi. Itachukua Kilwa ya kwanza kuikuta, iandike, ipeleke mzigo, na iripoti kuwa kazi imekamilika.

Na hilo ni nusu tu ya shida: jina moja, vitu viwili. Nusu ya pili ni kinyume chake, kitu kimoja chenye majina mengi. Ziwa lenyewe ni Mweru kwenye ramani za Zambia na Moero kwenye ramani za Kifaransa za Kongo. Namba ya mvuvi mmoja inaweza kuandikwa kwa sifuri ya mbele, au kwa alama ya kujumlisha na 260, au kwa sifuri mbili na 260. Kwa macho ya mtu hizo ni namba moja. Kwa programu inayolinganisha herufi kwa herufi, ni watu watatu.

Mwaka 1978 John Shoch, mtafiti wa maabara ya Xerox kule Palo Alto, aliandika waraka mfupi uliotenganisha mambo ambayo wahandisi walikuwa wakiyafunga pamoja: jina la kitu tunachokitafuta, anwani ya mahali kilipo, na njia ya kukifikia. Mimi naongeza la nne, ambalo waandishi waliofuata walilisisitiza: utambulisho wenyewe, yaani kile kinachobaki kilekile hata jina likibadilika na anwani ikahama. Takriban kila hitilafu nitakayoieleza hapa ilizaliwa pale mtu alipochukua kimoja kati ya hivyo na kukifanyisha kazi ya kingine.

Tatizo ni la zamani karibu sawa na mtandao wenyewe. ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, ulianza mwaka 1969 na kompyuta nne. Kufikia Septemba 1971 Peggy Karp alilazimika kuandika pendekezo la kusanifisha majina ya kompyuta, kwa sababu kila kituo kilikuwa kinaziita kompyuta zilezile kwa vifupisho vyake. Desemba 1973 Peter Deutsch akalalamika tena kwa maandishi: kila kituo bado kinatunza orodha yake, na hakuna orodha rasmi ambayo mashine inaweza kuisoma yenyewe. Ndipo orodha moja ikawekwa katika taasisi ya SRI huko California, katika kituo kilichoongozwa na Elizabeth Feinler, na kila kompyuta ikawa inachukua nakala kutoka hapo. Aliyetaka jina aliomba kwa ofisi ya Feinler, na ofisi hiyo ilihakikisha hakuna wawili wenye jina moja. Utaratibu huo ulihudumu kwa miaka mingi mpaka mtandao ulipokua kuliko faili moja na ofisi moja. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa mfumo wa majina ya vikoa tunaoutumia hadi leo, ambamo kila eneo linasimamia majina yake. Zambia inasimamia yanayoishia na .zm, Kongo yanayoishia na .cd.

Wengi hudhani hapo tatizo lilikwisha. Lilikwisha kwa yule anayefungua tovuti. Kwa mashine zinazofanya kazi pamoja chumbani lilibaki palepale, kwa sababu mfumo wa vikoa unajibu swali la "fulani yuko wapi?", ilhali mashine hizi zinaanza na swali gumu zaidi: "mimi ni nani?"

HBase inaonyesha jambo hili kwa uwazi wa pekee. Ni hifadhidata huria iliyojengwa kwa kufuata andiko la Google la mwaka 2006 kuhusu mfumo wao wa Bigtable. Data hukatwa vipande, na kila kipande hukabidhiwa seva moja. Seva kuu hutunza kumbukumbu ya nani ameshika nini. Sharti kubwa ni kwamba kipande kimoja kisishikwe na seva mbili kwa wakati mmoja, maana zote mbili zikikiandikia, hakuna atakayejua baadaye maandishi ya kweli ni yapi.

Seva ikiwashwa, inakwenda kujitambulisha kwa seva kuu. Lakini jina lake inalitoa wapi? Inauliza mfumo endeshi wa mashine yake. Kwenye Debian na jamii zake, faili liitwalo /etc/hosts kwa kawaida hulifunga jina la mashine na anwani 127.0.1.1, anwani ambayo kwa kila kompyuta duniani maana yake ni "mimi mwenyewe". Kwa mwenye nayo ni jibu sahihi. Kwa jirani halina maana yoyote. Wakati huohuo seva kuu inaona mawasiliano yanaingia kutoka anwani nyingine, inaupa mfumo wa majina anwani hiyo, na inarudishiwa jina refu lenye kikoa. Ukifungua kumbukumbu za matukio unaweza kukuta hivi:

seva3
seva3.wilaya.local
192.168.10.13

Mistari mitatu, sanduku moja la chuma lililo sakafuni. Seva kuu inamsubiri wa kwanza, wa pili ndiye anayeleta ripoti kila baada ya sekunde chache, na wa tatu ameandikwa kwenye mipangilio ya programu jirani. Muda wa kusubiri ukiisha, wa kwanza anatangazwa amekufa na vipande vyake vinagawiwa kwa wengine. Mashine yenyewe iko hai, feni inazunguka, na inaamini kuwa vipande bado ni vyake. Mfumo usio na kinga utaingia hapo kwenye kuandika mara mbili. Wenye kinga utasimama na kukataa kuhudumia, na fundi ataitwa usiku.

Walichofanya waandishi wa HBase ni cha busara, na nakiheshimu. Seva kuu, inapopokea ripoti ya kwanza, huirudishia seva ndogo jina ambalo imeonekana nalo, na seva ndogo huliacha lake na kulichukua hilo. Zaidi ya hapo, jina la seva ndani ya HBase lina sehemu tatu: jina la mashine, namba ya mlango wa mawasiliano, na muda ilipowashwa. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko vitabu vingi. Mashine iliyokufa saa nane na kufufuka saa nane na dakika mbili ina jina lilelile na anwani ileile, lakini imesahau kila ilichokuwa imekishika. Kuichukulia kuwa ndiyo ileile ni kuidai ahadi ambazo haikuziweka. Muda wa kuwashwa unaiambia seva kuu: huyu ni mgeni, anza naye upya.

Kafka, programu ya kupitisha ujumbe kati ya mifumo, ina mtego wa jamaa hiyohiyo. Mteja anaunganishwa na seva moja, anauliza zipo seva zipi, na anapewa orodha ya anwani za kuzifikia. Kama aliyesimika aliiacha seva ijitangaze kwa jina la localhost, mteja aliye mbali atapokea orodha hiyo na kwenda kuitafuta seva ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Fundi aliyejaribu akiwa amekaa kwenye mashine ya seva aliona kila kitu kiko sawa, na kweli kilikuwa sawa, kwa aliyekaa pale tu.

Sasa weka mifumo ya namna hii mahali kama Nchelenge. Mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya Kariba, mgawo wa umeme Zambia ulikuwa wa saa nyingi kwa siku. Kila umeme unaporudi, kifaa kinachogawa anwani kwenye jengo huwaka upya na kinaweza kuzigawa kwa mpangilio mwingine. Mashine ambayo anwani yake iliishia na 13 leo inaishia na 21, na 13 imepewa printa. Mfumo uliosimikwa kwenye jengo lenye umeme usiokatika ungeweza kukaa miaka bila kasoro hii kujitokeza. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema maeneo ya pembezoni yapewe teknolojia baada ya kujaribiwa mijini. Udhaifu wa namna hii utaonekana Nchelenge ndani ya wiki, na mjini ungefichika.

Lakini uko mfumo mmoja mkubwa uliolitatua jambo hili vizuri, na umo mfukoni mwa kila mchuuzi wa Kashikishi. Ndani ya laini ya simu mna namba nyingine ambayo mwenyewe haioni, kwa kawaida ya tarakimu kumi na tano. Tatu za kwanza ni nchi: 645 kwa Zambia, 630 kwa Kongo. Hiyo ndiyo utambulisho wa laini. Namba tunayoipiga ni jina lake tu. Anwani ni mnara unaoihudumia laini kwa sasa, na hiyo hubadilika bila mtu kuandika popote.

Laini ya Zambia ikivushwa ziwa na kushikwa na mnara wa Kongo, mtandao wa Kongo unasoma 645 na kujua kwamba huyu si wake. Kama kampuni hizo mbili zina mkataba, unawasiliana na mtandao wa nyumbani, ambako kuna rejesta yenye rekodi moja tu ya laini hiyo, na rejesta inaandika: kwa sasa yuko kwa hawa. Mtu wa Lusaka akimpigia, simu inakwenda kwanza nyumbani, inauliza rejesta, inapewa namba ya muda ya kumfikia aliko, na inamfikia. Akipoteza laini na kupewa nyingine, utambulisho unabadilika na namba inabaki. Akinunua simu mpya, chombo kinabadilika na vingine vinabaki. Kila kitu kinaweza kubadilika bila kuvuta vingine. Waliouunda walijua tangu siku ya kwanza kwamba wateja wao wanatembea. Wajenzi wengi wa mifumo ya seva walidhani seva zao zimekaa.

Majirani wa ziwa wanatupa somo jingine kuhusu aina ya utambulisho unaodumu. Mei 1997 Zaire ilirudi kuitwa Kongo. Kifupisho rasmi cha nchi kikabadilika, na kikoa cha .zr kikaanza kuachwa kwa ajili ya .cd, mpaka kilipoondolewa kabisa mwaka 2001. Kila anwani ya barua pepe iliyoishia na .zr ilikufa pamoja nacho. Namba 243 haikuguswa. Ilikuwa ya Zaire, ikawa ya Kongo, na simu ziliendelea kuita. Herufi zr zilibeba maana, na maana hiyo ilipokwisha wakati wake, zikaondoka nayo. Namba 243 haikuwahi kubeba jina la nchi yoyote. Ndiyo sababu ninapoulizwa kitambulisho cha seva kiweje, jibu langu ni kwamba kisieleze chochote: si jengo, si wilaya, si kazi ya mashine, wala toleo la programu. Vyote hivyo vitabadilika.

Walioijenga DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyoanzia kwenye mradi wa Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumika Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda, walifuata njia hiyo. Kila kituo cha afya ndani yake kina kitambulisho cha herufi na tarakimu kumi na moja zisizo na maana yoyote. Jina la kituo ni maelezo tu, linaweza kusahihishwa. Nje ya programu ndiko kazi ngumu ilikobaki. Orodha ya dawa ina kituo kwa jina refu, orodha ya maabara inacho kwa kifupisho, na ya watafiti kwa tahajia nyingine.

Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria nyingi zaidi, na watafiti wamefanya kazi huko kwa miaka mingi. Wagonjwa wa kituo kimoja wakihesabiwa chini ya majina mawili, kituo chenye malaria kali kitaonekana kuwa vituo viwili vyenye malaria ya wastani, na vyandarua vitapelekwa kwingine. Hapo makosa ya herufi yanaishia kwenye mwili wa mtoto.

Ugumu wa mwisho ni kuunganisha. Zambia ilijenga SmartCare, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC. Rekodi ya mgonjwa iliweza kubebwa kwenye kadi yenye chipu, hivyo kituo kisicho na mtandao kiliweza kufanya kazi peke yake na data zake zikaunganishwa na za wengine baadaye. Lakini mvuvi anayekaa kisiwani kwa majira na Kashikishi kwa majira mengine anaweza kufunguliwa mafaili mawili. Programu ikiyaona yanafanana sana, itatamani kuyafanya moja.

Makosa ya pande mbili hapo hayalingani. Ukiacha mafaili mawili ya mtu mmoja, umepoteza sehemu ya historia yake, na siku yoyote unaweza kuyaunganisha. Ukiwaunganisha watu wawili kuwa mmoja, dawa za huyu zinaingia kwenye faili la yule, na baada ya miezi michache hakuna anayeweza kusema kipimo kipi kilikuwa cha nani. Kwa hiyo programu isifute faili lolote. Iyaache yote mawili kama yalivyo, iandike rekodi ya tatu inayosema kwamba yanahusiana, na humo iwemo nani aliamua hivyo, lini, na kwa ushahidi gani, ili kiungo kikigundulika ni cha uongo kikatwe bila kuharibu chochote. Ndivyo ninavyoshauri kwa seva pia: mistari ile mitatu ya seva3 isisafishwe kwa kufuta miwili. Itunzwe yote kama majina ya kitambulisho kimoja, na tarehe ambazo kila jina lilitumika. Na mashine ikistaafishwa, jina lake lisipewe mpya mpaka kila orodha iliyowahi kulitaja iwe imepitiwa, pamoja na zile za nakala rudufu zilizofungiwa kabatini.